Chupa Isiyo na Jina: Lebo kama Sehemu ya Tiba Nyumbani

Lugha ya Kiswahili ina neno moja linalobeba mizigo mingi: dawa. Iko dawa ya kikohozi na dawa ya presha. Iko dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya panya. Katika vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, tangu Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo, iko pia dawa ya kahawa na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Zote huitwa dawa, na mara nyingi zote hukaa chini ya paa moja. Moja huponya, nyingine huua, na kinachozitenganisha ni maandishi machache yaliyobandikwa kwenye chupa. Maandishi hayo yakifutika, au kilichomo kikihamishiwa kwenye chupa nyingine, neno "dawa" pekee halitamwongoza mtu.

Makala haya yanahusu jambo linaloonekana dogo: kubandika lebo kwenye vitu vya nyumbani. Wako wanaolifanya kwa ajili ya unadhifu wa jiko na kabati. Sisi tunalitazama kama hatua ya mwisho ya matibabu. Daktari huandika, mfamasia hutoa na muuguzi hueleza. Lakini dawa humezwa nyumbani, pengine gizani, na mtu ambaye hakuwapo wakati maelezo yakitolewa.

Kabati moja, hatari nyingi

Tuchukue mfano wa kaya ya kubuni, ambayo hata hivyo wahudumu wa afya ngazi ya jamii wataitambua mara moja. Ni nyumba iliyo katikati ya kihamba, migomba na mibuni ikiizunguka. Bibi mwenye nyumba ana umri wa miaka 72, ana shinikizo la juu la damu na kisukari. Anaishi na mwanawe anayelima kahawa, mkwewe, na mjukuu wa miaka 3.

Kwenye kabati la sebuleni kuna bahasha tatu ndogo za vidonge; moja imeandikwa "1x3", nyingine "1x1", na ya tatu wino wake umefutika. Kando yake ipo chupa ya antibiotiki ya maji iliyobaki mtoto alipougua. Jikoni, chini ya meza, kuna chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa mafuta ya taa. Nyuma ya mlango ipo chupa ya soda yenye kiuatilifu kilichobaki baada ya kupulizia mibuni dhidi ya chulebuni na kutu ya majani.

Hakuna aliyekusudia baya. Mafuta ya taa hununuliwa kwa kipimo, na mnunuzi hubeba chupa aliyonayo. Kiuatilifu hugawanywa kati ya majirani, kwa kuwa kopo zima ni ghali. Vidonge huhesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa kwenye bahasha. Katika kila tukio, kitu kimehama kutoka chombo chenye maelezo kamili kwenda chombo kisichosema neno, au kinachosema uongo. Chupa ya soda yenye sumu ni chombo kinachosema uongo.

Mtoto, kiu na chupa ya soda

Mtoto wa miaka 3 hasomi, ila anayatambua maumbo. Amekwisha kujifunza kwamba kilicho katika chupa ya soda ni kitamu, na kilicho katika chupa ya maji huondoa kiu. Mafuta ya taa yanapomezwa, hatari yake kubwa haiko tumboni bali mapafuni: kiasi kidogo kikipenya katika njia ya hewa huleta uvimbe mkali wa mapafu, na mtoto huanza kukohoa na kupumua kwa shida.

Kwa sababu hiyo, mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe. Akitapika, mafuta hupita tena kooni na yanaweza kuingia mapafuni. Asipewe maziwa wala mafuta ya kula, ingawa desturi hiyo imeenea. Mvue nguo zilizolowa, osha ngozi kwa maji na sabuni, kisha mpeleke haraka katika kituo cha afya, hata kama anaonekana mzima.

Kama ni kiuatilifu, mambo ni hayo hayo: usimtapishe, osha ngozi, wahi kituoni. Chukua pia chombo cha asili chenye lebo yake. Sumu za aina fulani husababisha mate na jasho jingi, machozi na mboni za macho kusinyaa, nazo zina dawa ya kuzikabili, atropini, ambayo haifai kwa kila sumu. Daktari anayeoneshwa lebo anajua amekabiliana na nini. Anayeoneshwa chupa ya soda hana budi kukisia kutokana na dalili, na dakika zinapita.

Wakulima wakumbuke pia ule mstari wa rangi ulio chini ya lebo za viuatilifu. Kwa mwongozo wa kimataifa, nyekundu huashiria sumu kali zaidi, ikifuatiwa na njano, kisha bluu, na kijani kwa zile zenye hatari ndogo. Kiuatilifu kinapohamishwa, onyo hilo hubaki kwenye kopo lililotupwa.

"Kutwa mara tatu" ina maana gani?

Tugeukie bahasha za bibi. Kwa mtoa dawa, "1x3" ni lugha nyepesi: kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Kwa mgonjwa, tarakimu hizo zinaweza kumaanisha kidonge kimoja kwa siku tatu, au hata vidonge vitatu kwa mara moja. Tunapotafsiri kwa kusema "kutwa mara tatu", tunaleta utata mwingine. Katika Kiswahili kutwa ni mchana, tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Mgonjwa anayemeza vidonge vyake vitatu kabla ya magharibi ametii neno aliloambiwa, huku mwili wake ukibaki usiku mzima bila dawa. Kwa dawa inayotakiwa kila baada ya saa 8, ni bora kuandika saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Saa nazo zina mtego. Simu ya mjukuu huonesha 8:00, na bibi huita saa hiyo saa 2 asubuhi. Mtu wa mjini akimwandikia mama yake lebo nzuri yenye "8:00 na 20:00", mama anaweza kumeza dozi ya kwanza saa 8 mchana, na ile ya pili asijue ni lini, kwa kuwa saa yake haina 20. Vivyo hivyo, mzazi wa mtoto mwenye malaria huambiwa kwamba dozi ya pili ya dawa mseto hutolewa baada ya saa 8 tangu ile ya kwanza. Asikiaye "saa 8" peke yake ataisubiri saa 8. Mtoa dawa na apige hesabu palepale, aandike: "Dozi ya pili leo saa 4 usiku."

Lebo nzuri inasema nini

Lebo ya dawa nyumbani inapaswa kujibu maswali matano: Ni dawa ya nani? Ni ya ugonjwa gani? Inatumiwa kiasi gani, na saa ngapi? Ilifunguliwa au kuchanganywa lini? Mwisho wake wa kutumika ni lini?

Maswali mawili ya mwisho husahaulika kuliko yote. Vidonge vilivyohesabiwa kutoka kopo kubwa huacha tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kopo. Muulize mtoa dawa akuandikie. Antibiotiki ya unga iliyochanganywa na maji hudumu siku 7 hadi 14 tu, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, hata kama tarehe ya kwenye boksi ni ya mwaka ujao. Maji ya chumvichumvi ya kutibu kuhara humwagwa baada ya saa 24. Aina nyingi za insulini zikishafunguliwa hutumika kwa siku 28, zikitunzwa mbali na joto na jua. Hakuna awezaye kukumbuka siku hizo zote kwa kichwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali.

Mashine ndogo au utepe wa karatasi

Mashine ya mkononi ya kuchapia lebo si ngeni duniani. Kampuni ya Dymo ya California, Marekani, ilianza mwaka 1958 kuuza kifaa kilichobana herufi moja moja kwenye utepe wa plastiki hadi zikatuna. Mashine za leo zina vitufe na huchapa kwa joto. Kwa kituo cha afya, duka la dawa au familia yenye uwezo, kifaa hicho ni msaada: maandishi yake husomeka, wala hayategemei mwandiko wa mtu.

Hata hivyo, asiyekuwa nayo hajapungukiwa. Utepe wa karatasi na kalamu ya wino usiofutika vinafanya kazi ileile. Andika kwa herufi kubwa, wino mweusi juu ya utepe mweupe. Kwa asiyesoma, chora jua kwa dozi ya asubuhi na mwezi kwa dozi ya usiku. Kwa asiyeona vizuri, kama wazee wengi wenye kisukari au mtoto wa jicho, tumia kinachohisiwa kwa vidole: mpira mmoja kuzunguka chupa ya asubuhi, miwili kwa chupa ya usiku. Wazo hili lina heshima yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 ilitaka jina la dawa liandikwe pia kwa nukta nundu kwenye boksi.

Mipaka ya lebo

Lebo haimlindi asiyesoma. Mafuta ya taa, viuatilifu na dawa za kufulia hazitakuwa salama kwa kuandikwa "SUMU" tu. Ni lazima zikae juu, nje ya jiko, mahali penye kufuli. Kiuatilifu hakihamishwi kabisa katika chombo cha chakula au kinywaji, hata kwa siku moja, hata chenye lebo.

Lebo ya nyumbani isifunike ile ya kiwandani. Ibandikwe upande wa pili, jina la dawa na tarehe vibaki wazi.

Tena, kuna wagonjwa ambao lebo huwatia hofu. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI anaweza kuvimwaga vidonge kwenye kopo lingine ili wageni wasijue. Tunamwelewa, lakini kopo la asili mara nyingi huwa na kifuko kinachonyonya unyevu ili vidonge visiharibike. Ni afadhali kulitia kopo zima ndani ya mfuko wenye alama anayoijua yeye mwenyewe. Lebo ipo kwa ajili ya mgonjwa. Haina wajibu wa kumtangaza.

Kazi ya Desemba

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2017 kampeni ya kupunguza madhara yatokanayo na matumizi mabaya ya dawa, na kila tarehe 17 Septemba ni Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani. Sisi wa Kilimanjaro tuna siku yetu nyingine inayofaa. Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa watoto na wajukuu wanaopanda kuja nyumbani kwa Krismasi, wakiwa na zawadi za sukari, vitenge na mafuta ya kula.

Kati ya siku hizo, tenga saa moja. Keti na mama au bibi, mtoe pamoja kila kilichomo kabatini, mkiulizana lile swali la mwanzo: hii ni dawa ya nani, na ya nini? Kisichojibika kirudishwe katika kituo cha afya au duka la dawa ili kiteketezwe ipasavyo. Kisitupwe chooni wala mgombani. Kinachojibika kipewe lebo, kwa saa anazozisema yeye na kwa herufi anazoweza kuziona. Utakaporudi mjini, lebo hiyo itabaki ikimsemesha kwa niaba yako, asubuhi na usiku.