Kahama au Geita: Mji wa Kuishi Katika Ukanda wa Dhahabu

Kusini mwa Ziwa Victoria kuna miji miwili inayopokea wageni wengi wa dhahabu: Kahama, iliyo Mkoa wa Shinyanga, na Geita, makao makuu ya mkoa wenye jina hilohilo. Fundi mitambo kutoka Mbeya, muuguzi kutoka Kilimanjaro, mhandisi kutoka Ghana au Afrika Kusini, mnunuzi wa mchele kutoka Burundi, wote hufika wakiwa na kazi au wakiitafuta, na baada ya muda mfupi hulazimika kuamua watapanga nyumba wapi na watoto watasoma wapi. Wengi huamua kwa kutazama mshahara. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu miji hii miwili, ingawa imekaa juu ya mwamba wa aina moja, inalishwa na vitu tofauti.

Geita inalishwa na mgodi. Wajerumani waligundua dhahabu eneo hili mwishoni mwa karne ya 19. Uchimbaji mkubwa ulianza miaka ya 1930 chini ya utawala wa Waingereza, na mgodi wa wakati huo ukawa mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 ulifungwa. Kwa miaka zaidi ya 30 iliyofuata Geita ilirudi kuwa mji wa wilaya ya pamba na mihogo, dhahabu ikiachiwa wachimbaji wadogo wa Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa waliokuwa wakishuka kwa kamba kwenye maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia. Mgodi wa sasa, unaomilikiwa na AngloGold Ashanti na kujulikana kwa wenyeji kama GGM, ulianza kuzalisha mwaka 2000, kilomita chache tu magharibi mwa mji. Tangu 2016 sehemu ya kazi yake imehamia chini ya ardhi.

Mwaka 2012 Geita ilifanywa mkoa, na mji ukapata mguu wa pili. Zilikuja ofisi ya mkuu wa mkoa, hospitali ya rufaa ya mkoa na ofisi za idara zote ambazo awali mtu alizifuata Mwanza. Hata hivyo mguu wa kwanza ndio unaobeba uzito. Halmashauri hupata ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo, kutoka mgodini. Madarasa, zahanati na barabara nyingi za mitaa zina mkono wa fedha ambazo sheria inautaka mgodi uzitoe kwa jamii, na Shule ya Sekondari ya Wasichana Nyankumbu ilijengwa na mgodi. Hata timu ya mpira ya mji, Geita Gold, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22 kwa udhamini wa mgodi na kumtoa mfungaji bora wa msimu huo, George Mpole, aliyefunga mabao 17.

Kahama ni njia panda. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam hupita Nzega, Tinde na Isaka, huingia Kahama, kisha hushika njia ya Ushirombo na Lusahunga kuelekea mipaka ya Rwanda na Burundi. Isaka, umbali wa kilomita kama 40, ina stesheni ya reli ya Mwanza na bandari kavu iliyojengwa kwa ajili ya mizigo ya nchi hizo jirani. Malori hupita usiku na mchana, na palipo na malori hapakosi gereji, nyumba za wageni, mama lishe na maduka ya vipuri. Juu ya hayo kuna mpunga. Kagongwa, kata ya Manispaa ya Kahama iliyo kando ya barabara hiyo, inajulikana kwa mashine zake za kukoboa, na wanunuzi wa mchele huifuata kutoka mikoa mingine na nje ya nchi.

Dhahabu ilikuja Kahama juu ya biashara iliyokuwapo. Bulyanhulu, mgodi wa chini ya ardhi ulio Kakola, ulianza uzalishaji mwaka 2001 ndani ya wilaya ya Kahama. Buzwagi, uliokuwa karibu na mji kiasi cha lango lake kuonekana kutoka barabara kuu, ulifuata mwaka 2009 na kumaliza uzalishaji 2021. Kufungwa huko ndiko kunakoeleza tabia ya Kahama kuliko takwimu yoyote. Mapato ya halmashauri yalipungua, wafanyakazi wakaondoka na wenye nyumba wakashusha bei. Lakini soko halikufungwa, malori hayakusimama, na mwaka huohuo wa 2021 Kahama ilipandishwa hadhi kuwa manispaa. Sensa ya 2022 iliikuta na watu zaidi ya 450,000, zaidi ya mara mbili ya Manispaa ya Shinyanga iliyo makao makuu ya mkoa wake. Eneo la Buzwagi sasa limetengwa kwa ajili ya viwanda, na ndilo lililochaguliwa kwa ujenzi wa kiwanda cha kusafisha nikeli ya Kabanga, Ngara.

Kwa hiyo swali la kwanza la mgeni ni muda atakaokaa. Mwenye mkataba wa miaka miwili na GGM, au na kampuni inayouhudumia, hana sababu ya kuwaza mji mwingine. Mwenye mtaji anayetaka kufungua duka la vifaa vya ujenzi, karakana au shule ana sababu nzuri ya kuipendelea Kahama, kwa kuwa mteja wake hategemei mwajiri mmoja. Geita imekwisha kuona mgodi ukifungwa mara moja, na mji ukalala kwa zaidi ya kizazi kimoja. Hakuna dalili kwamba hilo liko karibu kurudi. Lakini anayenunua kiwanja Bombambili au Nyankumbu kwa bei ya leo ananunua pia imani kwamba mwamba utaendelea kutoa.

Nyumba hupatikana kwa njia ileile katika miji yote miwili: dalali, kisha mwenye nyumba, kisha kodi ya miezi sita au mwaka mzima ikilipwa kwa mkupuo. Geita ni mji wa vilima, na nyumba nyingi zimepanda miteremko ambayo wakati wa mvua gari dogo haliwezi. Kabla ya kulipa, inafaa kuuliza wapangaji wengine juu ya milipuko. Wakazi wa mitaa iliyo jirani na mgodi, kama Katoma na Nyamalembo, wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu nyufa na fidia. Kahama ni tambarare na imejengeka kwa kutawanyika, hivyo Nyasubi, Malunga, Mhungula na Nyihogo zote hufikika kwa bajaji au bodaboda bila taabu. Adha yake ni vumbi la kiangazi na kelele za barabara kuu.

Katika miji yote miwili mgeni ajiepushe na nyumba iliyo karibu na mialo, mahali wachimbaji wadogo wanapooshea mchanga wa dhahabu, au karibu na makarasha, mashine za kusaga mawe, na mitambo ya kuchenjulia marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa. Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu huchomwa wazi, mara nyingine uani mwa nyumba ya kawaida, na mvuke wake hauonekani. Rwamgasa ilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyochunguzwa na mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki miaka ya 2000, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Matumizi yangalipo. Mama mwenye mtoto mchanga hapaswi kuishi ukuta mmoja na mchenjuaji, hata kodi ikiwa nafuu kiasi gani.

Maji yana hadithi inayowashangaza wageni. Geita iko karibu na ziwa, lakini kwa miaka mingi wakazi wake walinunua maji kwa madumu. Kahama iko mbali sana na ziwa, lakini imepata maji ya Ziwa Victoria tangu 2009 kupitia bomba kuu linaloanzia Ihelele wilayani Misungwi, mradi ambao baadaye ulipelekwa hadi Tabora. Geita imewekwa katika mradi wa miji 28 ili nayo ipate maji ya ziwa ya kutosha. Mpangaji mwenye busara hafungui bomba mchana tu na kuridhika. Huuliza maji hutoka siku zipi, na kama nyumba ina tangi.

Kwa upande wa usafiri, mizani ilibadilika Juni 2025 lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu. Kabla yake safari ya Geita kwenda Mwanza, kama kilomita 120, ilikatwa katikati na kivuko. Foleni ya magari Busisi iliweza kula saa mbili au zaidi, na mgonjwa aliyekuwa akipelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, alisubiri kama abiria wengine. Hili halikuwa jambo dogo. Mama mjamzito mwenye uzazi pingamizi alibebwa hadi ukingoni mwa maji, na uhai wake ukategemea chombo kilicho ng'ambo. Leo ghuba hiyo ya ziwa huvukwa kwa dakika chache, na Geita imekuwa jirani halisi wa uwanja wa ndege wa Mwanza na wa hospitali kubwa ya kanda. Upande wa magharibi, Chato nako kuna uwanja wa ndege na hospitali ya kanda.

Kahama haijapata jambo la ukubwa huo kwa haraka hiyo. Kutoka Kahama hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 200 za lami, kupitia Shinyanga. Faida yake ni kwa anayekwenda kusini: mabasi ya Dodoma na Dar es Salaam ni mengi, na reli ya kisasa inayojengwa kutoka Tabora kwenda Mwanza inapita Isaka. Shughuli za kiserikali ngazi ya mkoa humlazimu mkazi wa Kahama kusafiri kama kilomita 100 hadi Shinyanga mjini, na hii ni sababu mojawapo ya madai ya muda mrefu ya Kahama kutaka kuwa mkoa. Katika madini, hata hivyo, imekwisha kupewa hadhi hiyo: Kahama ni mkoa wa kimadini unaojitegemea, wenye afisa madini mkazi wake.

Wauzaji wa dhahabu nao wana hesabu zao. Soko la kwanza la madini nchini lilifunguliwa Geita mwezi Machi 2019, na la Kahama likafuata muda si mrefu. Bei elekezi ni moja katika miji yote miwili.

Familia zenye watoto hutazama shule, na hapo Kahama ina jina. Katika mtihani wa darasa la saba wa mwaka 2016, nafasi ya kwanza na ya pili kitaifa zilichukuliwa na Kwema na Rocken Hill, shule binafsi za huko. Geita ina shule nzuri za binafsi pia, na mchango wa mgodi umeinua za serikali, lakini wazazi wengi wa Geita wenye uwezo bado hupeleka watoto bweni Mwanza.

Meza zinatofautiana kidogo. Geita ni ugali, mara nyingi wa muhogo, pamoja na sato, sangara na dagaa wa ziwani. Kahama ni wali, nyama ya ng'ombe wa Usukumani na maziwa mgando. Michembe na matobolwa, vyote vya viazi vitamu vilivyokaushwa, vipo kwa wote. Kiswahili kinatosha sokoni na kazini, lakini anayejifunza kusalimia asubuhi kwa "mwangaluka" hufunguliwa milango mapema. Geita ni ya Wasukuma na Wazinza. Kahama ina Wasukuma, Wasumbwa na Wanyamwezi. Desturi za ukarimu hazipishani sana.

Malaria haina mji wake. Shinyanga na Geita zote zimo katika mikoa yenye maambukizi mengi nchini, na anayetoka nyanda za baridi za Njombe au Arusha, au nchi isiyo na ugonjwa huo, anaugua kwa urahisi kuliko mwenyeji. Chandarua, kupima mapema na kumaliza dawa ni vya lazima kwa wote. Raia wa kigeni huongeza jambo moja: kibali cha ukaazi, daraja B kwa mwajiriwa, kinachoambatana na kibali cha kazi. Kubadilisha mwajiri, si kubadilisha mji tu, humlazimu kuomba upya.

 Kati ya Kahama na Geita hakuna treni, na njia fupi inayopitia Kakola imekuwa ya changarawe kwa miaka yote ya dhahabu. Wanaoifahamu zaidi ni wafanyakazi wa Bulyanhulu, ambao mgodi wao uko katikati ya miji hii. Wengi wao huacha familia Kahama, hukaa kambini wakati wa shifti na kurudi siku za mapumziko. Wachache waliooa au kujenga upande wa Geita hufanya hivyohivyo kwa kuelekea kaskazini. Kipande cha Kahama hadi Kakola, kilomita 73, ndicho kilichotangulia kuingizwa katika mpango wa lami, kwa fedha za Barrick, kampuni inayoendesha mgodi huo.