Herman Sarwatt, Mbunge wa Kiti Kimoja Kilichobaki

Leo tunaeleza habari za Herman Sarwatt. Mwaka 1960 Karatu haikuwa wilaya. Huku kwetu chini ya msitu wa Ngorongoro tulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu.

Nchi ilikuwa bado chini ya Waingereza. Mwezi Agosti mwaka huo ulifanyika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 71. Katika viti 58 mgombea alikuwa mmoja tu, basi akapita bila kupigiwa kura. Tena si kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura. Aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliandikishwa. Asiyejua, ilibidi awe na kipato cha kutosha au cheo kilichokubaliwa na sheria. Wengi wetu tuliopitia kisomo cha watu wazima tungeachwa nje siku ile!

Mbulu mambo yalikuwa mengine. TANU ilimteua mtu wake. Sarwatt naye alikuwa mwana-TANU, lakini hakuteuliwa. Je, alinyamaza? Hapana. Alisimama kama mgombea binafsi, watu wakampa kura, akashinda. TANU ilipata viti 70. Kile kimoja kilichobaki ni cha Mbulu.

Usidhani Sarwatt alipinga uhuru. La hasha! Barazani aliiunga mkono TANU. Wapiga kura hawakukikataa chama, walikataa kuchaguliwa mtu.

Baadaye Mwalimu Nyerere mwenyewe alieleza hatari hiyo: chama kikileta mgombea mmoja tu, mpiga kura hana la kuchagua. Kwa hiyo mwaka 1965, chama kilipobaki kimoja, TANU ilisimamisha wagombea wawili karibu kila jimbo. Mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa. Sisi tunaona Mbulu ilitangulia kuonyesha njia.

Lakini mgombea binafsi alifungiwa mlango. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, sheria ilitaka kila mgombea adhaminiwe na chama. Ndiyo maana mwaka 1995 Wilbrod Slaa, aliyekuwa padri, alipokosa uteuzi wa CCM hapa Karatu, alikwenda CHADEMA. Alishinda, akawa mbunge wetu mpaka 2010. Sarwatt hakuhitaji kuhama chama.