Je, Wajua? Mwandishi Mmoja, Rafu Tatu

Je, wajua kwamba Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka aliyetuandikia Kifo Kisimani, anaweza kuorodheshwa mahali patatu katika katalogi? Kwenye K, kwenye M, na hata kwenye W! Kisa ni hako ka-"wa" tu. Ukimkosa kwa Mberia, usikate tamaa. Mtafute kwa Kithaka.

Na Ngũgĩ wa Thiong'o je? Wengi hukimbilia T. Maktaba ya Bunge la Marekani inamweka kwenye N, jina zima lilivyo, bila kuligeuza! Weep Not, Child ilipotoka mwaka 1964, jaladani aliitwa James Ngugi. Katalogi nzuri ukiipa jina hilo la zamani, inakupeleka kwa mtu yule yule.

Sasa twende Meru. Alfred M. M'Imanyara alichapisha kitabu kuhusu asili ya Wabantu na historia ya Wameru mwaka 1992. Hebu itazame hiyo ritifaa baada ya M! Kompyuta moja huifuta ikasoma Mimanyara. Nyingine huacha nafasi, M ikabaki huku na Imanyara kule. Alama ndogo kuliko punje ya wimbi inakuficha kitabu kizima, msomaji wangu!

Bernardo Bernardi, aliyeandika juu ya Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, mwaka 1959, hana shida hiyo. Ligeuze jina lake upendavyo, bado utaangukia B!

Embu nako kuna H. S. K. Mwaniki, aliyetoa historia ya Waembu na Wambeere mwaka 1973. Pengine utamkuta kama H. S. Kabeca Mwaniki. Ni yeye huyo huyo! Kwenye mgongo wa kitabu, chini ya nambari, mara nyingi hubandikwa herufi tatu tu za jina: MWA. Mwangi naye ni MWA. Mwaura, MWA! Fikiria foleni hiyo rafuni.

Wajua kuna namba ya kimataifa ya kumtambulisha mwandishi, jina lake liandikwe vyovyote? Ina tarakimu 16!

Basi ukiingia maktaba ya Meru au Embu, andika jina moja tu, lile lisilo la kawaida. Likikataa, ligeuze. Likikataa tena, muulize mkutubi.