Msiba wa Sultani katika Sebule ya Mafiga

Ilikuwa baada ya swala ya Isha, katika nyumba moja ya Mafiga, Manispaa ya Morogoro, tulipokaribishwa chakula na wenyeji ambao kwa heshima yao hatutawataja majina. Tulikwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Tulitaka kuzungumza na mwenye nyumba juu ya vijana na malezi. Lakini runinga ilikuwa imewashwa, wajukuu wamejipanga mkekani, na bibi wa nyumba akatuashiria kwa mkono tukae na tunyamaze. Mwana wa Sultani alikuwa anaingia katika hema la baba yake.

Wengi wa wasomaji wetu wanaijua tamthilia hiyo. Ni ile ya Kituruki ambayo Azam TV iliirusha kwa jina la Sultan, wahusika wakisemeshwa Kiswahili fasaha kana kwamba walizaliwa Kariakoo. Huko kwao ilianza kuonyeshwa Januari 2011 na ikamalizika Juni 2014, baada ya sehemu 139. Inasimulia nyumba ya Sultani Suleiman, aliyetawala dola ya Uthmaniya kuanzia mwaka 1520 hadi alipofariki mwaka 1566. Vijana wa nyumba hii walikuwa wamezipata sehemu za mwisho kwenye flashi, wakazitazama kwa utaratibu wao, mbili kila usiku.

Hatuna budi kusema mapema kwamba tamthilia yenyewe ina lawama zake, na walioanza kulaumu ni Waturuki wenyewe. Ilipoanza tu, mamlaka ya utangazaji ya nchi hiyo ilipokea malalamiko zaidi ya 70,000, na mwishoni mwa mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, aliilaumu hadharani. Alisema Sultani aliyetumia miaka mingi juu ya farasi vitani anaonyeshwa kama mtu wa kushinda ndani na wanawake. Mavazi ya wanawake wa kasri lile, tunaongeza sisi, si mavazi ya kuwaonyesha mabinti zetu kuwa ndiyo sitara ya Kiislamu. Mzazi anayeiruhusu nyumbani kwake na aketi naye aitazame, aeleze kipi ni historia na kipi ni cha mtunzi.

Hata hivyo, habari ya hema si ya kutungwa. Oktoba 1553, karibu na mji wa Ereğli, mwanamfalme Mustafa, mtoto mkubwa wa Sultani aliyekuwa hai, aliitwa na baba yake kambini. Alikuwa ameambiwa asiende. Akaenda, kwa kuwa mwana akiitwa na mzazi huenda. Humo hemani wakamkaba watu waliokuwa wamewekwa tayari, kwa amri ya baba. Fitina ilikuwa imemfikia mzee kwamba mwanawe anataka kiti chake. Mdogo wake Mustafa kwa baba, Cihangir, aliyekuwa na maradhi ya mgongo, alifariki mwezi uliofuata, na wapo waandishi wa zama hizo waliosema kilichommaliza ni huzuni. Miaka 10 kabla ya hapo Suleiman alikuwa ameshamzika mwana mwingine, Mehmed, na kwa kumkumbuka huyo alimwamuru mhandisi Sinan ajenge msikiti mkubwa ambao mpaka leo unasimama Istanbul. Kwa mwana mmoja alijenga msikiti, na mwingine akamnyonga.

Sebuleni kukawa kimya. Kisha bibi akauliza jambo ambalo, tunadhani, lisingeulizwa Istanbul: "Mjomba wake huyu mtoto alikuwa wapi?"

Asiyewajua Waluguru anaweza kucheka. Katika milima ile inayoonekana kutoka uani kwa bibi, mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Ardhi na jina la ukoo hupita upande huo, na mjomba ana kauli juu ya mpwa wake ambayo baba mwenyewe huisikiliza. Uislamu ulipofika ulileta utaratibu wake wa mirathi, na mvutano baina ya mawili hayo haujaisha katika familia nyingi, lakini hilo lina siku yake. Kwa bibi, kijana kuuawa na baba bila mjomba kusimama mlangoni ni jambo lisiloeleweka. Tulimjibu kwamba wanawake wa kasri lile wengi walitekwa au kuuzwa wangali wadogo kutoka nchi za mbali. Mama yake Mustafa, Mahidevran, hakuwa na ukoo karibu yake hata mmoja. Alikuwa na mwanawe tu.

Hapo ndipo bibi alipoanza kulia. Mwanzoni tulidhani analia kama wanavyolia watazamaji wengine. Mkwewe akatunong'oneza kwamba sivyo.

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, siku chache kuelekea Idi ya kuchinja, lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, asubuhi, watu wakiwa katika pilikapilika zao. Petroli ilimwagika, watu wakakusanyika, wengine wakichota kwa madumu, wengine wakitazama, wengine wakipita na pikipiki zao. Moto ukalipuka. Waliofariki siku ile walikuwa zaidi ya 60, na kadiri majeruhi walivyoendelea kufariki hospitalini idadi ilivuka 100. Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza maziko katika makaburi ya Kola, na baadhi ya waliozikwa hawakuweza kutambulika kwa sura. Mmoja katika waliofariki ni mtoto wa bibi huyu.

Alituambia, tamthilia ikiwa imesimamishwa kwenye sura ya mama anayepiga magoti, kwamba kilichomuumiza kuliko kifo ni swali. Waombolezaji waliingia, wakampa mkono, wakakaa mkekani, kisha, wengine kwa wema na wengine kwa udadisi, wakauliza: "Alikuwa anachota au alikuwa anapita?" Sokoni aliulizwa. Kwenye foleni ya maji aliulizwa. Hajui. Mwanawe alitoka asubuhi kwenda kutafuta riziki, hakurudi. Bibi akaona kila anayeuliza anataka kwanza ajue kama marehemu anastahili kuliliwa. Basi akaacha kumtaja. Watu walidhani amesahau, wakamsifu kwa subira.

Katika tamthilia mama wa Mustafa naye ameambiwa kwamba mwanawe alikuwa muasi. Nadhiri ya kulia kwake inatazamwa na watu wote wa nyumba, nao wajukuu wa Mafiga hawakumuuliza kama mwanawe alikuwa na kosa. Walilia naye tu. Kizazi cha wazee wetu kitakumbuka kitu kama hicho kutoka Radio Tanzania. Mchezo wa Twende na Wakati ulipoanza mwaka 1993, dereva wa malori Mkwaju na mkewe Tunu walizungumzwa vibarazani kama majirani, na watu waliokuwa wanaogopa kuutaja ukimwi ndani ya nyumba zao waliutaja kwa kisingizio cha Mkwaju. Hilo hatulioni kuwa dogo. Mtu hupata ulimi kwa msiba wa mwingine.

Lakini lawama tunayoitoa hapa si kwa runinga. Ni kwetu, watu wa msikitini. Miaka yote hiyo bibi huyu hajawahi kuambiwa na yeyote katika sisi kile ambacho kila mwanafunzi wa dini amekisoma. Mtume (s.a.w.) amekataza kuwatukana maiti, kwa kuwa wameshafika kwenye yale waliyoyatanguliza. Katika Hadithi aliyoipokea Imam Malik katika Muwatta, na Abu Daud pia, ametaja watu wanaohesabiwa mashahidi mbali na anayeuawa vitani, na mwenye kufa kwa kuungua moto yumo. Hukumu ya mtu mmoja mmoja ni ya Mwenyezi Mungu, wala hatuna ruhusa ya kumtolea cheti yeyote. Ila tulikuwa na habari njema mikononi, tukaenda msibani na swali.

Na kulia je? Bibi aliona haya, akajifuta haraka kwa upande wa mtandio, akasema amefundishwa kwamba machozi yanamtesa maiti. Tulimkumbusha kwamba Mtume alipompakata mwanawe Ibrahim akikata roho, macho yake yalitokwa na machozi. Abdurrahman bin Auf alipostaajabu, aliambiwa kuwa ile ni rehema. Nabii Yakub alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na Qur'ani haikumlaumu. Kilichokatazwa ni mayowe, kujipiga mashavuni, kuchana nguo na kusema maneno ya kumkasirikia Mola. Ziko siku tatu za matanga kwa ndugu, na miezi minne na siku kumi kwa mjane, lakini huko ni kuacha mapambo. Hakuna andiko linaloamuru moyo usahau siku ya nne. Kuna pia amri ya kuwapikia wafiwa, aliyoitoa Mtume habari ya kuuawa Jaafar huko Muta ilipofika Madina. Sisi tumeigeuza, mfiwa ndiye anayetafuta mchele wa kulisha wageni, na kwa bibi huyu ilikuwa hivyo. Sufuria zilikodishwa kwa deni.

Tulipokuwa tunataka kuaga, bibi aliuliza yule mama wa Mustafa aliishia wapi, kwa sababu wajukuu wamemwambia tamthilia haionyeshi yote. Tukamweleza tunachokijua. Alikaa mji wa Bursa, alikozikwa mwanawe, akiishi maisha ya dhiki kwa miaka mingi. Baadaye Sultani Selim wa Pili, aliyekuwa ndugu wa Mustafa kwa baba, alimwekea posho, na kaburi la mwanawe likajengewa nyumba. Alifariki mwaka 1581, akazikwa hapo hapo. Sehemu ile ya tamthilia ilipoonyeshwa Uturuki Februari 2014, watu walimiminika kwenye kaburi hilo kumwombea dua mtu aliyekufa zaidi ya miaka 460 nyuma.

"Miaka mingapi alikaa bila mwanawe?"

Ishirini na minane, tukasema.

Akahesabu ya kwake kwa vidole, bila sauti. Kisha akamuuliza mjukuu mkubwa kama bajaji inafika Kola mpaka ndani, maana miguu yake haiwezi tena mwendo ule. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya wanawake kuzuru makaburi, na wengi wao wameruhusu pasipo na mayowe. Hatukuona kuwa ni wakati wa kulifungua somo hilo. Kijana alijibu kwamba inafika, na kwamba yeye mwenyewe atampeleka Ijumaa baada ya swala. Bibi akamtaja mwanawe kwa jina, mara mbili, akimweleza mjukuu kaburi liko upande gani.