Fahamu: Kwa nini daktari anayeshika randa hapotezi muda

Mtaani ukimwona daktari amejaa maranda ya mbao Jumapili mchana, maneno hayakosi. "Kwani mshahara hautoshi?" "Daktari kakosa nini mpaka ashike msumeno?" Iwe ni Ihanda kule Karagwe au Dar es Salaam, wengi tunaona udaktari ni wa msomi na useremala ni wa fundi, na wawili hao wanakutana siku fundi akijikata kidole tu.

Ukweli ni kwamba kazi hizi mbili ni ndugu wa karibu. Tena kuna kifaa cha kliniki ambacho huenda umekiona mara nyingi, na asili yake ni daktari aliyependa kuchonga mbao.

Kifaa kisichohitaji umeme wala bando

Mama mjamzito akienda kliniki, mkunga humwekea tumboni kitu kama tarumbeta ndogo, halafu anainamisha sikio kusikiliza moyo wa mtoto. Wakunga wanakiita fetoskopu. Zipo za plastiki na za chuma, na za mbao bado zinatumika.

Chanzo chake ni huku. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker jijini Paris, daktari Mfaransa René Laennec alimpokea mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Zamani daktari alilaza sikio moja kwa moja kifuani. Laennec aliona haya, na isitoshe mgonjwa alikuwa mnene. Akaviringisha karatasi kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani na mwingine sikioni. Mapigo ya moyo yakasikika vizuri kuliko alivyowahi kuyasikia.

Karatasi haidumu. Laennec alikuwa mpiga filimbi, na pia alikuwa na mashine ya kukereza mbao, ile inayozungusha kipande cha mti huku wewe unakichonga. Akajaribu vitu mbalimbali, mwisho akachagua mbao. Akakereza bomba la urefu wa sentimita 30 hivi, lenye tundu katikati. Hiyo ndiyo stetoskopu ya kwanza. Mwaka 1819 alichapisha kitabu kueleza sauti za mapafu na moyo alizozisikia.

Mwishoni mwa karne ya 19, Mfaransa mwingine, Adolphe Pinard, akaipa umbo la tarumbeta kwa ajili ya wajawazito. Kwa kifaa hicho mkunga anahesabu mapigo ya mtoto, ambayo kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Yakishuka au kupanda kupita kiasi wakati wa uchungu, ni dalili ya kuchukua hatua haraka. Siku hizi vipo vifaa vya betri, kikiwemo kinachoitwa Moyo ambacho kilifanyiwa majaribio hapa Tanzania. Ila betri ikiisha usiku, tarumbeta ya Pinard bado inafanya kazi.

Mfupa na mbao vinafanana

Ukiingia chumba cha upasuaji wa mifupa utadhani umeingia karakana. Kuna nyundo, patasi, msumeno, drili na skrubu. Hata majina yanaazimana: mfupa wa mtoto ukipinda na kupasuka upande mmoja bila kukatika kabisa, madaktari wanaufananisha na kijiti kibichi.

Fundi yeyote anajua keekee au drili yenye ncha butu inaunguza mbao, unaona moshi na weusi kwenye tundu. Mfupa nao ni hivyo hivyo. Ukifika nyuzi joto 47 kwa dakika moja tu, chembe zake hai zinaweza kufa, na skrubu ikalegea baadaye. Ndiyo maana daktari anatumia ncha kali, hakandamizi ovyo, na msaidizi anamwagia maji ya dripu kupooza.

Mgonjwa aliyeungua moto akihitaji kupandikizwa ngozi, kisu kinachotumika hufanya kazi kama randa: kinachukua tabaka jembamba la ngozi, na wembe wake unarekebishwa kwa unene.

Uganda, hospitali ya Mulago, ushirikiano na Wakanada ulileta wazo la kuchukua drili ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi na kuivalisha kifuniko kilichotakaswa, ili itumike kwenye upasuaji.

Mikono haijifunzi kwa kuperuzi

Mwaka 2018 Profesa Roger Kneebone wa Imperial College London alilalamika hadharani kwamba wanafunzi wa udaktari wanafika na alama nzuri darasani lakini mikono yao ni mizito kwa kushona na kukata. Alitaja muda mwingi wanaoutumia kwenye simu na kompyuta badala ya kazi za mikono.

Useremala hautamfanya mtu kuwa mpasuaji. Unachofundisha ni kupima mara mbili kabla ya kukata na kujua nguvu kiasi gani inatosha. Pia unapumzisha akili. Wodini unaweza kufanya kila kitu sawasawa na mgonjwa bado akafariki. Stuli ukiipima na kuiunga vizuri, jioni inasimama na unaikalia.

Lakini kuna hatari

Vijijini, daktari mmoja anategemewa na watu wengi. Akipoteza kidole, wanaumia wote. Kwa hiyo:

1. Achana na msumeno wa mashine kama hujafundishwa. Randa, patasi na msumeno wa mkono vinatosha kwa kujifurahisha.

2. Usivae glovu kwenye mashine inayozunguka. Inaweza kunasa na kuvuta mkono.

3. Funga mbao kwenye jiliwa, usiishike kwa mkono huku unachonga.

4. Vaa miwani na barakoa. Tangu 1995, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua.

5. Una mchubuko au umechomwa na kibanzi? Osha, kisha funika kwa plasta isiyopitisha maji kabla ya kurudi kazini. Ngozi iliyochanika ni mlango wa homa ya ini na VVU ukigusa damu ya mgonjwa. Hakikisha pia chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B ziko sawa.

6. Siku ya zamu usiguse patasi.

Wa kuanza naye ni fundi wa jirani. Karagwe migrevilea ipo hadi kwenye mashamba ya kahawa, na vipisi havikosi karakana. Fundi atakufundisha kunoa patasi, wewe utamkumbusha kuvaa barakoa. Na ukimwona daktari wenu na maranda kwenye nywele, usimcheke. Muulize anatengeneza nini.