Mzigo wa sahani wenye etiketi

Mwaka 2007, mvuvi mmoja wa Korea ya Kusini alivua pweza, yule mnyama wa bahari mwenye mikono minane, karibu na Taean. Pweza alikuwa amekumbatia sahani ya kijani. Wapiga mbizi wakateremka pale, wakakuta mashua iliyozama katika karne ya 12, imebeba vyombo zaidi ya 20,000.

Tunawaletea habari hii wasomaji wetu wa Masisi na Walikale ju ni habari ya udongo, na udongo ninyi munaujua kutupita.

Kijani kile hakitoki kwa rangi ya duka. Kinatoka kwa chuma. Munajua vile udongo wenye chuma unakuwa mwekundu na hautoki kwenye nguo. Wafinyanzi wa ufalme wa Goryeo walipaka chombo uji mwepesi wa majivu na udongo wenye chuma kidogo tu, kisha wakabana tanuru ili moto ukose hewa. Hewa ikiingia mingi, chombo kinatoka kahawia. Ikikosa, kinatoka kijani kama maji ya mto yaliyotulia.

Lakini maua yao njo yalitushangaza zaidi. Chombo kabla hakijakauka kabisa, fundi anachora ndege korongo na mawingu kwa kisu. Anajaza michoro kwa udongo mweupe, pengine udongo wenye chuma kingi unaogeuka mweusi ndani ya moto. Anakwangua kinachozidi, anachoma, anapaka ule uji, anachoma tena. Kikipasuka, kazi yote bule. Mwenye shimo lake liliporomoka kabla ya kufikia mawe atamwelewa fundi huyo.

Sasa, etiketi. Katika mizigo ya Taean kulikuwa na vibao vya mbao vyenye maandishi: vyombo vimetoka Tamjin, leo Gangjin, vinaenda mji mkuu Gaegyeong, kwa mkubwa fulani, hesabu yake hii. Tulicheka, halafu tukanyamaza. Gunia la koltani la Rubaya lilikuwa linafungwa etiketi, na la kasiterite la Walikale nalo linafungwa, ili mnunuzi wa mbali ajue limetoka wapi. Jina la aliyeingia shimoni halisafiri na gunia. Na wafinyanzi wa Goryeo, karibu wote, hakuna anayejua majina yao.

Vibao vile vimetunzwa huko Korea. Miaka zaidi ya 800 ndani ya matope ya bahari, na wino wake ungali unasomeka.