Maharage ya Kiingereza, mtama wa Kiswahili

Mtoto wa Rulenge wilayani Ngara au Nyakahura wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, akifika kidato cha kwanza, Kiingereza kwake ni lugha ya tatu. Kama ni wa Ngara, nyumbani amekulia Kihangaza au Kishubi. Kama ni wa Biharamulo, pengine Kisubi, Kizinza au Kisukuma. Shule ya msingi ya serikali imemfundisha kwa Kiswahili. Sasa masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, na humo anakutana na sentensi ambayo kila neno analijua, ila maana haipati.

Chukua "spill the beans". Kumwaga anakujua. Maharage ndiyo usiseme, maana Kagera ndizi na maharage ni chakula cha kila siku. Atadhani kuna mtu kapata hasara jikoni, kumbe mtu huyo katoa siri. Mwalimu wake hana haja ya kuhangaika, kwa sababu Waswahili nao huonya kwamba mtama haumwagwi penye kuku wengi, na aliyefichua jambo husemwa amemwaga mtama. Zao ni jingine, kosa ni lilelile. Mtoto akielezwa hivyo, msemo huo hautamtoka kichwani.

Jambo rahisi Mwingereza huliita kipande cha keki, "a piece of cake". Sisi tunaliita mteremko, na aliyesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kwenye vilima vya Ngara hahitaji kuelezwa kwa nini. "Under the weather" haihusu mvua wala jua. Ni kutojisikia vizuri. "Break a leg", yaani vunja mguu, anaambiwa msanii anayepanda jukwaani, kumtakia heri.

Penye hatari zaidi ni "kick the bucket", kupiga ndoo teke, yaani kufa. Francis Grose aliuweka msemo huu katika kamusi yake ya lugha ya mitaani, iliyochapishwa London mwaka 1785. Ni mkongwe, lakini hadi leo una mzaha ndani yake. Orodha za kukariri huandika "kufa" zikaishia hapo, na mwanafunzi aliyekariri anaweza kuutia katika barua ya rambirambi na kuwaumiza wafiwa. Kwa Kiswahili kijana huyohuyo hawezi kukosea. Msibani atasema mzee ameaga dunia au ametutoka; "amekata kamba" atawaachia wenzake wa kijiweni. Adabu hiyo anayo tayari. Hakuna aliyemwambia kwamba Kiingereza nacho kina adabu yake.

Nalisema hili kwa sababu wilaya hizi zipo njiani. Malori ya kutoka Dar es Salaam hupita Nyakanazi kuelekea mipaka ya Rusumo na Kabanga, na ng'ambo ya Rusumo ni Rwanda, ambayo mwaka 2008 iliamua kufundisha shuleni kwa Kiingereza. Kijana anayetafuta kazi ya uwakala wa forodha, udereva au biashara ya mpakani atakutana na watu wanaozungumza lugha hiyo kwa misemo yake, si kwa sentensi za kitabuni. Akichukua kila neno kama lilivyo, mazungumzo yatampita.

Tusikubali pia msemo wa kigeni utuingie bila kuulizwa. Siku hizi wasemaji redioni hawamalizi hoja bila "mwisho wa siku", uliofasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, ilhali "hatimaye" ipo na inatosha.

Walimu wa Kiingereza wa Ngara na Biharamulo, kabla ya kuandika msemo ubaoni, waulizeni wanafunzi jambo hilo husemwaje kwa Kiswahili, na bibi zao husemaje kwa Kihangaza au Kisubi. Kisha waelezeni msemo huo anaambiwa nani, na wapi haufai kutamkwa.